UZI: Ruzuku ya maendeleo inavyosafiri kutoka Hazina mpaka boma la kijiji, na mahali pa kuibana

Mtumba_Kwetu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa kamati za ujenzi, walimu wakuu, madiwani na mwananchi yeyote wa Dodoma, Singida na jirani anayesikia mkutanoni kwamba fedha za serikali zimeletwa halafu hajui aulize nini. Wengi huuliza fedha zimekwenda wapi wakati boma, yaani jengo lisilokamilika, limesimama kwenye lenta na stoo ni tupu. Wakati huo mnunuzi, mpokeaji na mlipaji wamekwisha saini, na mtaishia kulaumiana. Nafasi ya mwananchi iko mapema, kwenye karatasi nne: barua ya mgao, mchanganuo wa gharama (BOQ), leja ya stoo na muhtasari wa mkutano. Mwenye hizo nne mkononi hahitaji kumtuhumu mtu. Anasoma na kulinganisha.

Kwanza asili ya fedha, maana hapa ndipo watu huchanganya.

Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa ilianza kwa utaratibu wa kanuni ya hesabu mwaka wa fedha 2004/05. Kabla ya hapo mgao ulikuwa wa maombi, majadiliano na miradi ya wafadhili iliyopangwa wilaya kwa wilaya. Kanuni ile iligawa fungu kwa vigezo vitatu: idadi ya watu asilimia 70, idadi ya watu maskini asilimia 20, ukubwa wa eneo asilimia 10. Chukua mfano wa kufikirika. Fungu la taifa ni shilingi bilioni 10. Halmashauri yenu ina asilimia 2 ya watu wa nchi, asilimia 2.5 ya maskini na asilimia 3 ya eneo. Kwa watu mnapata milioni 140, kwa umaskini milioni 50, kwa eneo milioni 30. Jumla milioni 220. Nusu ya fedha hiyo ilikusudiwa ishuke ngazi za chini, kata na vijiji.

Kulikuwa na masharti ya kuingia pia. Halmashauri isiyo na mkaguzi wa ndani, au ambayo kamati yake ya fedha haikai, au yenye hati chafu ya ukaguzi, haikupata ruzuku ya mitaji mwaka huo. Ilipewa fedha ya kujengewa uwezo tu. Iliyovuka ilipimwa utendaji: ikifanya vizuri iliongezewa asilimia 20, ikivurunda ilipunguziwa asilimia 20. Kwa maoni yangu kile kipimo kiliwafanya wakurugenzi waijali ofisi ya mkaguzi wa ndani kuliko hotuba yoyote.

Leo sehemu kubwa ya fedha ya maendeleo haipiti kwenye fungu moja la namna hiyo. Inakuja kwa programu za kisekta, kila moja na mwongozo wake: elimu ya msingi, sekondari, afya, TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Kwa hiyo swali la kwanza kijijini lisiwe "ni shilingi ngapi". Uliza "ni fedha ya programu gani na mwongozo wake uko wapi". Mwongozo ndio unaosema nani ananunua, nani anasaini, na jengo linaishia hatua gani.

---

Chemba_Kaskazini

Nashukuru kwa uzi mkuu. Swali: barabara ya kwetu na kisima mbona havionekani kabisa kwenye bajeti ya halmashauri? Diwani anabanwa kila kikao.

---

Mtumba_Kwetu

Kwa sababu havipo huko. Barabara za wilaya zilihamia TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) mwaka 2017. Maji vijijini yalihamia RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) mwaka 2019, na uendeshaji wa mradi uko kwa chombo cha watumia maji. Diwani abanwe apeleke hoja kwa meneja husika wa wilaya, ambaye hualikwa kwenye baraza. Kumbana mkurugenzi kwa daraja la TARURA ni kupoteza kikao.

---

DadaWaMipango

Naomba niongezee kalenda, maana mradi usioingia kwenye kalenda hauna wa kuusimamia.

Mwaka wa fedha ni Julai 1 hadi Juni 30. Kijiji kinatakiwa kiibue vipaumbele vyake kwa njia ya fursa na vikwazo (wananchi kutazama walicho nacho na kinachowakwamisha) mapema, kati ya Septemba na Novemba, vipite mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwishoni mwa mwaka Hazina na TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa) hutoa mwongozo na ukomo wa bajeti. Januari na Februari halmashauri inachambua: timu ya menejimenti, Kamati ya Fedha, baraza. Kisha mkoa, kisha TAMISEMI, kisha Bunge kuanzia Aprili. Yote yanaingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kielektroniki wa mipango na bajeti.

Neno la kushika hapo ni "ukomo". Vijiji vyenu vitaibua miradi kumi, ukomo utabeba miwili. Mingine haifi, inabaki kwenye mpango wa kijiji. Inayokufa ni ile iliyotajwa kwa mdomo kwenye ziara ya kiongozi bila kuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu. Ikija fedha ya ghafla, na huja, afisa mipango hutazama orodha ya maboma yaliyokwisha andikwa na yenye picha, kiwanja kilichopimwa na hatua inayojulikana. Boma lisilo kwenye orodha halipo, hata kama linaonekana kutoka barabara kuu ya Singida.

Jambo la pili: kupitishwa kwa bajeti si kupokea fedha. Bunge linaidhinisha Juni, lakini fedha zinatolewa kwa awamu kadiri makusanyo na ahadi za wafadhili zinavyoingia. Taarifa ya robo mwaka inayosomwa barazani ina safu tatu: zilizoidhinishwa, zilizopokelewa, zilizotumika. Madiwani wengi huhoji tofauti ya safu ya kwanza na ya pili, ambayo halmashauri haina mamlaka nayo. Walau nusu ya nguvu yao iende kwenye tofauti ya safu ya pili na ya tatu. Hapo ndipo fedha imefika na imelala, na wa kujibu yuko mbele yao.

---

Bahi_Makorongoni

Dada umegusa penyewe. Na kwa kanda ya kati kulala kwa fedha kuna sababu ya hali ya hewa ambayo mipango ya taifa haiioni.

Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba kuelekea Aprili. Fedha ikiingia Januari, makorongo yamejaa, lori la saruji halivuki, na wananchi wote wako shambani. Nguvu kazi ya kusomba mawe huipati. Ikiingia Mei, njia ni kavu na watu wapo baada ya mavuno, lakini mwaka wa fedha unafungwa baada ya wiki nane. Ujenzi mzuri huku ni Mei hadi Novemba, na katikati yake pana Juni 30.

Ndiyo maana mnaona manunuzi ya haraka haraka Juni. Kwa Sheria ya Bajeti ya 2015, fedha ya maendeleo isiyotumika mwisho wa mwaka hurejea Mfuko Mkuu, isipokuwa afisa masuuli (kwa halmashauri ni mkurugenzi) aombe kabla mwaka haujafungwa kibali cha kuendelea nayo na akubaliwe. Mkurugenzi mwangalifu anaandika barua hiyo mapema Juni na kuambatisha mikataba, hatua ya kazi na mpango wa kumalizia. Asiye mwangalifu ananunua kila kitu kwa mkupuo, anajaza darasa saruji mifuko mia tatu, na kufikia Septemba nusu imeganda. Wengine huhamishia akaunti ya amana ili isionekane imebaki. Hiyo ni hoja ya ukaguzi moja kwa moja.

Kijiji kinaweza kusaidia. Andaeni mapema kila kisichohitaji fedha ya serikali: kiwanja kiwe na muhtasari wa kutolewa, mawe na mchanga viwe eneo la ujenzi, kamati ziwe zimechaguliwa, akaunti iwe hai. Fedha ikiingia Mei mnaanza wiki ile ile, badala ya kuitisha mkutano wa kuchagua kamati Juni 10.

Suala jingine ni kiwango sawa. Umaliziaji wa boma la zahanati umekuwa ukipewa milioni 50, boma la darasa milioni 12.5. Kiwango hicho ni kile kile kwa kijiji kilicho kando ya lami na kijiji cha kilomita 80 ndani. Kwenye mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi upande wa Bahi, msingi wa kawaida hupasuka maana udongo unavimba masika na kunywea kiangazi. Mhandisi akiandika msingi ule ule wa kwenye kichanga, mtapata nyufa kwenye kona za madirisha kabla ya mwaka wa pili. Gharama ya ziada ya msingi ijadiliwe mapema na iandikwe. Ikiwa fedha haitoshi, punguzeni kazi kwa maandishi, msipunguze nondo kimyakimya.

---

LejaYaStoo

Wakuu, hebu tuingie kwenye fosi akaunti, maana asilimia kubwa ya majengo ya vijijini yanajengwa hivyo. Kwa asiyejua: badala ya kumpa mkandarasi kazi nzima, taasisi inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi tu, kwa lebachaji. Mwaka 2021 sehemu ya fedha za mpango wa UVIKO-19, ambazo jumla ni shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja, na njia hii ndiyo iliyobeba.

Hatua, kwa mpangilio unaotakiwa:

Barua ya mgao inafika, ikitaja kiasi, programu, kazi na akaunti. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na wa taasisi. Mkutano unaitishwa, fedha inatangazwa, kamati zinachaguliwa: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mtu mmoja asikae kwenye kamati mbili. Aliyechagua duka asiwe ndiye anayehesabu mifuko ikishuka kwenye lori. Hili likivunjwa, mengine yote ni mapambo.

Mhandisi wa halmashauri anatoa ramani na BOQ. Hapo hapo kamati iombe mambo mawili: BOQ igawanywe kwa hatua (msingi, kuta, kenchi na bati, umaliziaji), na kila hatua iwe na jumla yake. Kama mgao ni milioni 50 na kuta mpaka kenchi zimekwisha kula milioni 38, mnajua siku ile ile kwamba milango, madirisha, rangi, choo na mfumo wa maji vitagombea milioni 12.

Manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Mfumo huu ulichukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ni ya mwaka huo huo, Sura 410, na kanuni zake za 2024. Wauzaji wa vifaa na mafundi wanatakiwa wawe wamesajiliwa humo. Fundi mzuri wa kijijini asiyesajiliwa hawezi kupewa kazi, kwa hiyo mtendaji awasukume mafundi wajisajili kabla ya fedha kuja. Asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuuza tofali na mchanga kwa mradi wa kijiji chake.

Mkataba wa fundi uwe na vitu vitano vinavyosahaulika: bei kwa kila hatua, muda kwa kila hatua, kiasi cha kushikiliwa (asilimia 5 hadi 10) mpaka kasoro zirekebishwe, nani analeta maji na mbao za jukwaa, na faini ya kuchelewa. Mikataba mingi ina bei ya jumla tu. Fundi akilipwa theluthi mbili kwenye kuta, haonekani tena kwenye plasta.

Vifaa vikija: kamati ya mapokezi inahesabu, inapima, inalinganisha na oda, inasaini hati ya mapokezi. Ndipo vinaingia leja. Ndipo muuzaji analipwa kwa risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi). Anakatwa kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa na asilimia 5 kwa huduma. Muuzaji aambiwe mapema kuhusu makato hayo, la sivyo ataongeza bei katikati au atakata idadi ya mifuko.

---

Chemba_Kaskazini

Mkuu LejaYaStoo, hiyo leja yenyewe inakaaje? Kwetu kuna daftari la kaunta limeandikwa "saruji 50" basi.

---

LejaYaStoo

Ukurasa mmoja kwa kila kifaa. Saruji ukurasa wake, nondo milimita 12 ukurasa wake, bati ukurasa wake. Safu: tarehe, namba ya hati ya mapokezi au ya kutolea, kilichoingia, kilichotoka, kimekwenda kazi gani, kilichobaki, saini ya mtoaji na mchukuaji. Kila jioni salio la daftari lilingane na hesabu ya stoo.

Sasa faida yake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa tofali za inchi 6 kati ya 30 na 35, zikifyatuliwa kwa uwiano wa kueleweka. Kazi ya tofali 4,000 inakula mifuko 115 hadi 135. Leja ikionyesha mifuko 200 imetoka "kwa tofali" na uwanjani kuna tofali 4,000, kuna mifuko zaidi ya 60 ya kuelezwa. Ikionyesha mifuko 80, basi mna tofali za mchanga zitakazomong'onyoka kwenye kona. Hesabu hii inafanywa na mtu yeyote mwenye kalamu. Uliza tofali zimefikia ngapi, fungua ukurasa, gawanya.

---

MizaniKibaigwa

Naongezea upande wa ubora, maana kamati nyingi huhesabu tu bila kupima.

Nondo. Uzito wa nondo kwa mita ni kipenyo cha milimita kuzidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162. Milimita 12: 144 gawanya 162 ni karibu kilo 0.89 kwa mita. Nondo nzima ya mita 12 ni kama kilo 10.7. Milimita 10 ni kama kilo 7.4. Sokoni kuna nondo zinaitwa 12 lakini zimevutwa mpaka 10 na nusu, na hizo zina kilo 8 na kidogo. Kwa macho huoni. Wilaya ya Kongwa ina soko la mahindi Kibaigwa, mizani ya mazao imejaa vijijini. Funga nondo kumi, pandisha kwenye mizani: zinatakiwa zikaribie kilo 107. Zikiwa 85, zirudi kwenye lori kabla hati ya mapokezi haijasainiwa. Ikishasainiwa ni zenu.

Bati. Kadiri namba ya geji inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. BOQ nyingi za majengo ya umma zinaandika geji 28, dukani wanaleta 30 kwa rangi ile ile. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3. Soma maandishi ya kiwandani upande wa ndani wa bati, yasipokuwepo pima. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unang'oa paa la geji 30 lililopigiliwa misumari michache.

Saruji. Daraja la 32.5 ni kwa kujengea na plasta, 42.5 kwa zege la mkanda, nguzo na lenta. Tazama pia tarehe ya kutengenezwa.

Halafu maji. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) likimwagwa saa nane mchana wa Oktoba bila kufunikwa, linapasuka kabla jioni. Linahitaji kumwagiliwa siku 7 kwa uchache, na afadhali 14, likifunikwa magunia au nyasi. BOQ za huku zinasahau gharama ya boza la maji, na fundi hatamwagilia kwa maji asiyolipwa. Muwe mmeingiza maji kama kasma (kifungu cha matumizi) yake tangu mwanzo. Samahani kwa kukazia, lakini kuta nyingi zinazoitwa "za wizi" ni za kukosa maji.

---

Hoja_ya_Mkaguzi

Nimesoma yote, vizuri sana. Nitapingana kidogo na LejaYaStoo. Fosi akaunti ni nafuu kwa darasa na zahanati, lakini ina tundu moja kubwa: hakuna wa kuwajibika kwa kasoro baadaye. Mkandarasi ana kipindi cha uangalizi wa kasoro, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, na fedha yake imeshikiliwa. Kwa fosi akaunti, jengo likipasuka baada ya miezi minne, fundi ameondoka na kamati imevunjwa. Majengo ya ghorofa, au hospitali yenye mifumo ya umeme na oksijeni, yasijengwe hivyo kwa kisingizio cha kubana matumizi. Na mhandisi mmoja wa halmashauri hawezi kukagua maeneo 25 kwa mwezi. Kagua cheti cha hatua, yaani hati ya mhandisi kwamba hatua ya kazi imekaguliwa: kama vyeti vitano vya vijiji vitano vilivyo mbali vina tarehe moja, hakufika vyote.

Sasa ngazi za uangalizi, kwa ufupi wa lazima. Ndani ya halmashauri kuna mkaguzi wa ndani, anayetoa taarifa kila robo mwaka. Madiwani waiombe taarifa yake kwenye Kamati ya Fedha, wengi hawajui kwamba ipo. Juu yake Sekretarieti ya Mkoa chini ya Katibu Tawala. Halmashauri inafunga hesabu na kuziwasilisha kwa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ndani ya miezi mitatu, yaani hadi Septemba 30. CAG anakagua kwa mamlaka ya Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma Sura 418, na kumkabidhi Rais ripoti ifikapo Machi 31. Ikishawekwa mezani Bungeni inakuwa ya umma, na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita maafisa masuuli.

Watu wanasoma hati tu: inayoridhisha, yenye shaka, isiyoridhisha, mbaya. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandikwa sawasawa kwa viwango. Haisemi kwamba zahanati yenu ina milango. Halmashauri inaweza kuwa na hati inayoridhisha na bado ikawa na kurasa za hoja. Msome sehemu ya hoja na jedwali la utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma: yaliyotekelezwa, yanayoendelea, yasiyotekelezwa. Hoja inayojirudia miaka mitatu ndiyo ya kupeleka barazani.

Za miradi ya fosi akaunti zinazojirudia ni zile zile: vifaa vimelipwa havijapokelewa, vimepokelewa havikuingizwa leja, malipo bila risiti ya EFD, manunuzi nje ya NeST, kamati haina muhtasari, na jengo limekamilika halitumiki. Hiyo ya mwisho inaniuma zaidi. Zahanati bila mtumishi na bila choo ni fedha iliyotumika kwa uhalali wote, na mama bado anatembea kilomita 15 kujifungua. Boma lisiingizwe kwenye orodha ya umaliziaji bila barua ya idara ya afya kuhusu watumishi na vifaa.

---

DadaWaMipango

Hapo kwenye "halitumiki" nakubaliana nawe kabisa. Na wananchi wakumbuke nguvu zao zithaminiwe kwa shilingi. Mawe, mchanga, tofali, maji na siku za kazi: mhandisi aziandike kwa bei ya soko la hapo hapo. Zisipothaminiwa, fedha ya serikali inaonekana ndiyo imenunua kila kitu, na mchanga uliosombwa na akina mama unaweza kulipwa tena kwa risiti ya muuzaji ambaye hakuleta hata toroli moja.

---

Chemba_Kaskazini

Swali la mwisho la leo. Mfuko wa jimbo na ile asilimia 10 navyo ni ruzuku?

---

Mtumba_Kwetu

Mfuko wa jimbo ni fedha ya serikali kuu kwa sheria yake ya 2009. Kamati yake mwenyekiti ni mbunge, lakini fedha inapita halmashauri, inafuata taratibu zile zile za manunuzi na inakaguliwa na CAG. Kwa hiyo kijiji kikiletewa mabati ya mfuko wa jimbo, yaingizwe leja kama mabati mengine.

Asilimia 10 si ruzuku. Inatoka mapato ya ndani ya halmashauri, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Sura 290: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ni mkopo usio na riba, unarudishwa. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Uzi wake ni mwingine.

---

Bahi_Makorongoni

Na mtu akinyimwa hizo karatasi nne? Maana mtendaji atasema "ni siri ya ofisi".

---

Hoja_ya_Mkaguzi

Kwanza atumie mkutano mkuu wa kijiji. Unatakiwa ukae kila miezi mitatu na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Aombe isomwe pamoja na salio la benki na salio la leja, na ombi lake liandikwe kwenye muhtasari, pamoja na jibu. Ombi lililoandikwa lina uzito hata likikataliwa.

Likikataliwa, aandike barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Kila raia anayo haki hiyo, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Isiwe na tuhuma hata moja. Itaje mradi, kijiji, kata na mwaka wa fedha, kisha iombe kwa majina: nakala ya barua ya mgao, BOQ na ramani iliyotumika, mkataba wa fundi, orodha ya malipo, yaani tarehe, mlipwaji na kiasi, hati za mapokezi, vyeti vya hatua vya mhandisi. Barua inayoomba "taarifa zote za mradi" ni rahisi kujibiwa kwa ukurasa mmoja usiosema kitu. Inayoomba hati sita kwa majina hujibiwa sita au huonekana wazi ni ipi imekosekana.

Apeleke kwa mkono, agongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yake, aitunze.

Kama alichopata kinaonyesha malipo ya kifaa kisichofika, hapo ni TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) wilayani au namba 113, akiambatisha hati ya malipo upande mmoja na ukurasa wa leja upande wa pili. Kama kinaonyesha uzembe tu, mfano leja haijazwi au kamati moja inafanya kazi zote tatu, aanze na diwani na mkaguzi wa ndani. Hilo linarekebishika wiki hiyo hiyo, jengo likiwa bado kwenye msingi.

---

LejaYaStoo

Mkuu, hiyo orodha ya hati sita naichapisha kwa herufi kubwa nibandike kwenye ubao. Nimeongeza ya saba: ukurasa wa leja wa saruji peke yake.